Hasira ya dereva haimo kwenye hati ya mashtaka

Saa moja kasoro asubuhi, barabara ya Malindi, maeneo ya Bamburi. Foleni imeganda. Matatu moja inachoka kungoja, inatoka kwenye mstari na kuingia upande wa magari yanayokuja, taa zikiwa full na honi haikatiki. Mbele kuna lori. Dereva wa matatu analiona, anakunja usukani na kujichomekea mbele ya gari dogo la mama anayepeleka watoto shule. Mama anafunga breki. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake anagonga bampa na kuanguka, mkono chini. Mama anapiga honi kwa hasira. Hapo ndipo dereva wa matatu anashuka, anakuja hadi dirishani, anamwaga matusi, anamzaba kofi, kisha anarudi kwenye matatu yake na kwenda zake.

Kisa hiki nimekitunga, ila hakuna mkazi wa Mombasa ambaye hajaona angalau nusu yake kwa macho. Nimekileta kwa sababu kinatusaidia kujibu swali ambalo watu wengi hulikosea: dereva huyu amefanya kosa gani?

Mtaani tutasema ameendesha kwa ubabe, kwa fujo, kwa hasira. Sote tunaelewana. Lakini fungua Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, toka mwanzo hadi mwisho, hutakuta kosa linaloitwa ubabe wala hasira. Polisi akiandika kwenye hati ya mashtaka kwamba dereva "aliendesha kwa hasira", hakimu hana pa kuliweka neno hilo. Kinachoshtakiwa ni kile gari lilichofanya barabarani, na kazi yote ya kesi za namna hii, kuanzia kwa afande hadi kwa shahidi wa mwisho, ni kuyageuza yale tuliyoyaona kwa hasira yawe maelezo ambayo sheria inayatambua.

Milango mikuu ni miwili. Wa kwanza ni kifungu cha 47: kuendesha gari ovyo bila kujali, au kwa kasi au kwa namna iliyo hatari kwa umma. Wa pili ni kifungu cha 49: kuendesha bila uangalifu unaostahili, au bila kuwafikiria watu wengine wanaotumia barabara. Mtu akifa, tunahamia kifungu cha 46, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kifungu cha 47, kwa anayepatikana na hatia mara ya kwanza, kinabeba faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili.

Ukivisoma kwa haraka, cha 47 na cha 49 vinaonekana kama kitu kimoja chenye majina mawili. Tofauti yao ndiyo kiini cha kesi nyingi, kwa hivyo tuitazame kidogo.

Kifungu cha 47 kinamtaka hakimu aangalie hali zote za tukio: barabara ni ya namna gani, iko katika hali gani, inatumiwa na nani, na magari mangapi yalikuwapo au yangetarajiwa kuwapo wakati huo. Neno "yangetarajiwa" lina uzito. Dereva hawezi kujitetea kwamba barabara ilikuwa tupu kwa bahati wakati anaingia upande usio wake kwenye kona, ikiwa saa hiyo huwa kuna watu. Na kitendo kile kile kinabadilika sura kulingana na mahali: kupita gari lingine kwa kasi saa nane za usiku kwenye barabara iliyonyooka si sawa na kulipita saa moja asubuhi mbele ya lango la shule. Ndiyo maana shahidi anayesema "ilikuwa asubuhi, watoto walikuwa wanavuka, lami ilikuwa na maji" anaisaidia korti kuliko anayesema "aliendesha vibaya sana". Hilo la pili nimelisikia mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye mabenchi ya korti, na kila mara swali linalofuata ni moja: vibaya vipi? Shahidi asipokuwa na jibu, kesi huanza kuyeyuka pale pale.

Lakini hatari peke yake haitoshi. Lazima pia kuwe na kosa la dereva lililoileta hatari hiyo. Kanuni hii ilitoka Uingereza katika kesi ya Gosney ya mwaka 1971. Mwanamke mmoja alikutwa akiendesha upande usio wake kwenye barabara ya njia mbili zilizotenganishwa. Hatari gani ingezidi hiyo? Hata hivyo Mahakama ya Rufaa iliifuta hatia yake, kwa sababu alinyimwa nafasi ya kuonyesha kwamba makutano yale yalijengwa kwa namna ambayo hata dereva makini angepotea. Majaji walisema kosa maana yake ni kushuka chini ya uangalifu au ustadi wa dereva hodari mwenye uzoefu, na linaweza kuwa dogo, hata la kukosea hesabu kidogo, ilimradi lipo. Korti za kwetu ziliipokea kanuni hiyo miaka michache baadaye. Kesi za Kitsao na Atito, zote za mwaka 1975, bado hutajwa katika hukumu za kifungu cha 46.

Sasa rudi Bamburi. Tairi la matatu lingepasuka likairusha upande wa pili, hatari ingekuwepo lakini kosa lingekuwa la kutafutwa, na hapo ndipo ripoti ya mkaguzi wa magari huamua mambo. Dereva wetu hakupasukiwa na tairi. Alichagua kutoka kwenye mstari, akachagua kuendelea, akaliona lori, akachagua kumbana mwingine badala ya kupunguza mwendo na kurudi nyuma. Kwa maoni yangu hapa ndipo ubabe unapoingia kortini ingawa jina lake halimo katika sheria: unaingia kama mfululizo wa vitendo. Mtu anaweza kughafilika mara moja. Ni vigumu kughafilika mara nne ndani ya nusu kilomita. Anayemganda mwenzake kwa nyuma, akammulika full, akamchomekea, kisha akafunga breki mbele yake makusudi, hawezi kusema aliteleza. Kitendo kimoja cha aina hiyo pengine kitaishia kifungu cha 49. Vikiunganishwa kwa mpangilio wake, vinapanda hadi cha 47.

Ndiyo sababu inaniuma nikiona hati ya mashtaka yenye mstari mmoja mkavu: mshtakiwa akiwa dereva wa gari nambari fulani aliendesha kwa njia ya hatari. Namna ipi? Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 134, inataka hati iwe na maelezo ya kutosha kumjulisha mshtakiwa anashtakiwa kwa lipi. Maelezo mazuri husema: alitoka kwenye safu ya magari, akaingia upande wa magari yanayokuja, akarudi ghafla mbele ya gari nambari hii bila nafasi ya kutosha. Hayo dereva anaweza kuyajibu na shahidi anaweza kuyathibitisha.

Kiongozi wa mashtaka anayemshtaki mtu kwa kifungu cha 47 akashindwa kufikisha ushahidi kiwango hicho hapotezi kila kitu. Kifungu cha 179 cha sheria hiyo ya utaratibu kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo ambalo ushahidi umelithibitisha, hata kama halikuandikwa kwenye hati.

Halafu kuna njia ya mkato, ambayo ina faida zake na hatari zake. Tangu Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, kuna orodha ya makosa yenye faini zilizopangwa: kupita na gari juu ya njia ya wanaotembea kwa miguu ni shilingi 5,000, kuzidisha kasi kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni 10,000. Dereva anakubali, analipa, anaondoka. Kwa makosa madogo ya kweli huo ni utaratibu mzuri na unapunguza msongamano kortini. Lakini dereva aliyepanda njia ya miguu akiwatawanya watu waliokuwa wakingoja gari, akalipishwa shilingi 5,000, hajahukumiwa kwa alichokifanya. Amehukumiwa kwa mahali magurudumu yalipopita. Kama kulikuwa na watu waliolazimika kuruka mtaroni, hilo ni jambo la kifungu cha 47, na afande aliyepo ndiye anayeamua ataandika lipi.

Kofi nalo? Kofi si kosa la trafiki. Dereva alipofungua mlango na kushuka, aliiacha Sura ya 403 akaingia kwenye Kanuni ya Adhabu. Shambulio la kawaida ni kifungu cha 250. Likiacha maumivu au jeraha, ni kifungu cha 251, na hapo fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, iliyojazwa na daktari inahitajika. Angevunja kioo cha pembeni kwa makusudi, ni uharibifu wa mali, kifungu cha 339. Kuzua rabsha hadharani kuna kifungu chake, cha 95. Watu hushangaa kuona dereva mmoja ana mashtaka ya aina mbili, na mara nyingine upande mmoja husahaulika kabisa: mama akaandikisha kofi, hakuna aliyeuliza matatu iliendeshwaje, au ajali ikaandikwa, kofi likapotea.

Tofauti hii inaonekana zaidi wakati wa kuombana msamaha. Kwa shambulio la kawaida, kifungu cha 176 cha sheria ya utaratibu kinaipa korti nafasi ya kuwapatanisha watu, dereva akaomba radhi, akalipa fidia, kesi ikaisha. Wazee wakiketi na pande mbili hilo linawezekana. Lakini kuendesha kwa njia ya hatari ni kosa dhidi ya umma. Mama anaweza kumsamehe kwa moyo safi na kesi ikaendelea, kwa sababu mlalamikaji hapo ni Jamhuri, na uamuzi wa kuiondoa uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa idhini ya korti.

Nimemwacha kijana wa bodaboda chini muda wote huu, na ndivyo kesi hizi zinavyomfanyia.

Fikiria polisi anafika baada ya nusu saa. Anakuta gari dogo limebonyea nyuma na pikipiki imelala. Matatu haipo, na haina hata mkwaruzo. Anapima, anachora mchoro wake, na mchoro unasema: pikipiki iligonga gari kwa nyuma. Kijana anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa wa kifungu cha 49, kwa kutoacha nafasi ya kutosha. Pengine kweli hakuacha. Lakini chanzo cha yote kimeshafika Mtwapa kikishusha abiria. Gari ambalo halikugusa chochote halionekani kwenye mchoro, na madereva wababe wengi huondoka hivyo, bila alama.

Kumrudisha dereva huyo kwenye hadithi kunategemea walioona. Nambari ya gari, jina la sacco (chama cha wenye matatu) ubavuni, rangi, abiria aliyeshuka kwa hofu. Vyote vinatakiwa viingie kwenye maelezo ya kwanza kabisa polisi, na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ihifadhiwe. Mtu anayemkumbuka dereva wa tatu baada ya miezi mitano, wakati maelezo yake ya siku ya ajali hayamtaji, wakili wa upande wa pili atamfuata na karatasi hiyo mkononi. Kwa upande wa waliohusika na ajali, kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinawalazimu kusimama na kuripoti polisi mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 24. Dereva wa matatu anaweza kusema hakugusa mtu. Ila kifungu kinazungumzia ajali iliyotokea kwa sababu ya kuwepo kwa gari barabarani, na hapo anakuwa na maswali ya kujibu.

Siku hizi kuna video. Abiria alirekodi kwa simu, au gari la nyuma lina kamera ya kiooni. Video ni hazina, lakini haipokelewi kwa kuchezwa tu mbele ya hakimu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Kwa hivyo aliyerekodi asiifute simu yake wala asitegemee nakala iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikapoteza asili. Aende yeye mwenyewe polisi, aeleze alirekodi lini, kwa simu ipi, na alikuwa ameketi wapi.

Na kuhusu kasi, sheria ina tahadhari ambayo wengi hawaijui: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuzidisha kasi kwa maoni ya shahidi mmoja tu kwamba gari "lilikuwa mbio". Usijisumbue kukisia kilomita. Sema lilipita magari manane yaliyosimama, sema lori lililazimika kutoka nje ya lami. Hayo uliyaona. Ukipanda kizimba cha mashahidi utaambiwa "sema polepole, korti inaandika", na utatambua haraka kwamba hasira haiandikiki. Matendo ndiyo huandikika.

Tuhamie upande wa mshtakiwa, kwa sababu naye ana haki, na wengi wao ni vijana wanaoendesha gari la mtu mwingine kwa malipo ya siku.

Akikamatwa, Katiba katika Ibara ya 49 inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeangukia wikendi au sikukuu. Kwa makosa ya kasi, ya hatari na ya kutokuwa makini, kifungu cha 50 cha Sheria ya Trafiki kinataka dereva aonywe wakati ule ule kwamba huenda akashtakiwa, au apewe ilani au samansi ndani ya muda uliowekwa. Kesi ya kifo haifungwi na sharti hilo. Ibara ya 50 nayo inampa haki ya kuuona ushahidi mapema na kuwa na mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti.

Kinachowaangusha wengi ni maneno mawili: "Ni kweli." Asubuhi orodha ni ndefu, jina linaitwa, shtaka linasomwa haraka, kijana anafikiria gari linalomngoja nje na hesabu ya tajiri jioni. Anasema ni kweli ili alipe aende. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 1973, katika kesi ya Adan, jinsi jibu hilo linavyotakiwa kupokelewa: shtaka na vipengele vyake vielezwe kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kiongozi wa mashtaka aeleze kilichotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea maelezo hayo kabla ya kutiwa hatiani. Hiyo nafasi ya mwisho si mapambo. Dereva aliyesema ni kweli, kisha baada ya kusomewa maelezo akasema "lakini breki zilikatika", hajakiri kosa. Hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana, na kesi isikilizwe.

Asipoitumia nafasi hiyo, mlango unafungwa kwa nguvu. Kifungu cha 348 cha sheria ya utaratibu hakimruhusu aliyekiri kukata rufaa dhidi ya hatia. Anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Aliyekana akashindwa ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Na faini si mwisho wake. Kwanza kuna leseni: korti inaweza kuandika hatia hiyo kwenye leseni au kumfungia mtu kuendesha kwa muda, na kwa dereva wa matatu hiyo ni riziki. Anayeomba adhabu nafuu afadhali amweleze hakimu mambo yanayopimika, kama miaka aliyoendesha bila hatia na hatua alizochukua kumsaidia aliyeumia, kuliko kulia tu. Aliyeumia naye, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014, ana nafasi ya kusikilizwa kabla ya adhabu. Wachache sana huitumia kwa sababu hakuna aliyewaambia wasubiri nje ya mlango siku hiyo.

Kisha kuna fidia, ambayo kwa kawaida haidaiwi katika kesi ya trafiki bali katika kesi ya madai. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia mtu hatiani ni ushahidi kamili kwamba alilitenda kosa hilo. Ile "ni kweli" ya shilingi elfu kadhaa inarudi ikiwa mkononi mwa wakili wa kijana wa bodaboda. Bima ya lazima ya mtu wa tatu hulipa hadi shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinamtafuta mwenye gari na dereva.

Kijana mwenyewe ana miaka mitatu ya kufungua dai lake. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya ajali, haingoji hukumu ya trafiki, na kesi inayoahirishwa leo kwa kukosa shahidi na mwezi ujao kwa kukosa faili inaweza kula nusu ya muda huo kabla hajaitwa hata mara moja kueleza mkono wake uliumiaje.